Kipupwe Hakifungi Bahari

Yako maneno ambayo kwa kurudiwa mno yamepata heshima ya ukweli bila ya kupimwa. Mojawapo ni neno lisemwalo katika miji ya pwani, na hata katika kumbi za vyuo vilivyo karibu na pwani: ati miezi ya kipupwe bahari hufungwa, ati tangu kusi ishike hata ilegee, chombo kidogo cha tanga ni cha mvuvi asiye na hiari, na mtu mwenye akili hamtii mkewe wala watoto wake katika ngalawa au mashua. Asemaye hivi husikilizwa kwa staha, kwa kuwa neno lake lafanana na busara. Kumbe ni kosa, na tena ni kosa lenye hasara. Hasara yenyewe haiwaangukii wale wanaolisema. Huwaangukia watoto wa pwani, na mama zao, na lugha waliyozaliwa nayo.

Atakaye kulipima neno hili hana haja ya kufungua kitabu. Na aende Fumba, kusini-magharibi ya Unguja, asubuhi moja ya mwezi wa Julai, asimame ufukweni. Ataona mashua zatweka matanga kuelekea visiwa vya Ghuba ya Menai: Kwale, Pungume, na mafungu ya mchanga yatokezayo maji yakipwa. Ndani ya mashua atawaona watu wa nyumba moja waliotoka Ulaya: baba, mama, na watoto wawili watatu, mmoja wao pengine hajatimiza miaka mitano. Nahodha ni mtu wa pwani. Baharia wake ni mtu wa pwani. Mashua yenyewe imeundwa na mafundi wa pwani. Julai na Agosti, ambayo ndiyo miezi ya kipupwe chenyewe, ndiyo pia miezi ambayo wageni hujaa. Watoto wa nahodha huyo wako wapi? Wako nchi kavu. Wameambiwa kwamba bahari ya kusi haifai watoto.

Hapa hoja ya wale wasemao yavunjika mguu. Ama bahari hiyo yafaa watoto, ama haifai. Haiwezekani imfae mtoto wa Munich na isimfae mtoto wa Fumba, kwa kuwa wimbi halimwulizi mtu kwao. Labda itajibiwa kwamba mgeni hulipa, na baba wa Fumba hutafuta riziki, wala hana nafasi ya kutembeza wanawe. Jibu hilo ni la kweli, lakini si jibu la upepo; ni jibu la fedha. Lilipotoka swali kwamba bahari ni hatari, likaja jibu kwamba bahari ni ghali. Mwenye kuhama hoja yake namna hiyo amekwisha kuiacha.

Yafaa kujua kipupwe ni kitu gani, maana wengi hukiogopa kwa jina. Ni baridi ya pwani baada ya masika kwisha, katika Juni, Julai na Agosti. Unguja joto la usiku hushuka likakaribia digrii 22, na la mchana halipandi sana kupita 28. Maji ya bahari, ambayo katika mwezi wa Machi huwa na digrii 29 hivi, hupoa yakafika 25 au 26. Baharia wa Bergen akiambiwa kwamba hii ndiyo baridi yenyewe atadhani anafanyiwa mzaha. Upepo ni jambo jingine. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, na mahali palipo wazi huweza kupita maili za bahari 20 kwa saa katika kilele chake. Huo si upepo wa kuchezewa na mtu asiyejua kupunguza tanga. Lakini una sifa moja kubwa: hauna hila. Utokako pajulikana, saa ya kuongezeka kwake yajulikana, na siku za kulegea kwake zina jina lake, demani, tangu zamani za mababu. Wazee wa pwani waliuhesabu mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi ili wajue upepo upi watarajiwe siku ipi. Na mwaka huo hata leo huadhimishwa Makunduchi katika mwezi wa Julai, yaani katikati ya kipupwe. Haielekei kwamba watu wenye kuanza mwaka wao katikati ya kipupwe waliuona msimu huo kuwa ni mlango uliofungwa.

Na wale wadhanio kwamba joto ndiyo salama na baridi ndiyo hatari, na wazitazame tarehe. Tufani iliyoangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo vya Sultani Barghash ilipiga tarehe 15 Aprili 1872. Tufani ya Lindi ilikuja Aprili 1952. Kimbunga Kenneth, kilichopiga Ngazija na kisha Cabo Delgado, kilikuwa cha Aprili 2019. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokuja Juni, au Julai, au Agosti. Vimbunga vya bahari hii ni watoto wa maji ya moto. Mtu aliyetaka kuwatisha watu wa nyumba yake kwa haki angewatisha na masika, lakini masika hayasemwi sana, labda kwa sababu mvua humfungia kila mtu ndani na hapana wa kubishana naye.

Yako makaburi mawili yatajwayo kila mazungumzo haya yanapoanza, na hapana budi yazungumzwe kwa heshima. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, ikiwa imebeba watu mara kadhaa zaidi ya kiasi chake. Meli ya Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Katika misiba yote miwili walikufa akina mama na watoto wengi, na ziko nyumba katika visiwa hivi ambazo hazijapona. Ya pili ilitukia katika kipupwe, na upepo ulikuwa mkali, hilo halikanushiki. Lakini Skagit iliundwa kwa ajili ya kuvusha watu katika maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington huko Marekani, si katika mlango wa bahari ulio wazi kwa kusi. Na Spice Islander ilizamishwa na uzito uliopakiwa bandarini, nchi kavu, na watu wenye kalamu. Kutoka katika habari hizo pametolewa fundisho gani? Abiria wamerudi kupanda meli, kwa kuwa hawana njia nyingine, na hapana aliyesema kwamba meli za abiria zipigwe marufuku Julai. Aliyehukumiwa ni mashua ndogo ya tanga, ambayo haikuwamo katika kesi.

Tena msiba wa abiria ni msiba wa mtu aliyeketi asijue. Hajui chombo kimekaa vipi majini. Hajui wimbi la upande na wimbi la tezi vina tofauti gani. Haoni alama, na akiziona hazisomi. Mtu aliyekaa utotoni katika chombo kidogo pamoja na mzazi wake huzijua alama hizi kama ajuavyo harufu ya chakula cha kwao. Yeye huweza kukataa kupanda. Watu wa kisiwa wanaowalea watoto wao mbali na maji kwa ajili ya kuwalinda, wawalea kuwa abiria tu wa maisha yao yote.

Linalofuata ni neno zito zaidi, nalo ni la wanawake. Katika mafumbo ya sebuleni bahari imefanywa mali ya wanaume kana kwamba ni jambo la maumbile. Kitabu cha Alan Villiers, baharia wa Australia aliyekuja Unguja katika chombo cha Wakuwaiti katika msimu wa 1938 na 1939, chaonyesha wanaume wakiimba juu ya sitaha na wanawake abiria wakifungiwa katika chumba cha tezini, gizani. Picha hiyo ya chombo kikubwa cha safari za mbali imechukuliwa ikawa sheria ya kila chombo. Na huku ni nani ashindaye baharini Jambiani na Paje? Ni mwanamke. Ndiye anayechokoa pweza maji yakipwa. Ndiye aliyeshika kilimo cha mwani tangu kilipoanza kwa biashara mwaka wa 1989, akisimama majini mpaka kiunoni saa nyingi za siku ya bamvua. Bahari aijua kwa miguu yake.

Lakini aijua mpaka pale miguu inapokoma. Mwani wa aina ya cottonii, wenye bei nzuri kuliko ule wa spinosum, umekuwa ukioza na kufa katika maji ya kina kifupi, hasa katika miezi ya joto, kwa kuwa maji hayo yamezidi kupata moto. Wataalamu wametoa shauri kwamba upandwe katika kina kirefu zaidi, kwenye maji yenye ubaridi. Shauri ni jema. Nalo lakwama mahali pamoja, kwamba mkulima ni mwanamke asiyejua kuogelea wala kuongoza chombo, na chombo ni cha mume, au cha kaka, au cha mjomba. Haya basi: yule aliyemwambia binti wa miaka minane kwamba ngalawa si mahali pake alidhani anamhifadhi. Baada ya miaka thelathini amemnyang'anya shamba. Anayeona kwamba habari ya watu wa nyumba moja kusafiri kwa tanga ni porojo la wenye nafasi, na aeleze mwanamke huyo angejifunza wapi, na kwa nani, kama si katika chombo cha baba yake.

Wapo watu katika bahari hii hii ya Hindi ambao hawakupata kuambiwa neno hili, au walipoambiwa hawakulisikia. Nao ni Wavezo wa pwani ya magharibi ya Bukini. Chombo chao huitwa laka: ni mtumbwi mwembamba wa mti mwepesi sana, wenye mrengu upande mmoja tu, na tanga la pembe nne linaloshikwa na miti miwili. Urefu wake ni hatua saba nane hivi. Msimu wa mvua na vimbunga ukipita, na baridi ikaingia, watu wa nyumba nzima hupakia humo: mume, mke, watoto, wakati mwingine na bibi, sufuria, mchele, nyavu, madumu ya maji, na pengine kuku. Hufuata pwani siku kwa siku, mamia ya kilomita, mpaka visiwa vya mchanga vilivyo mbali na nchi kavu, kama vile vya Barren vilivyo mbele ya Maintirano. Jioni hutua ufukweni, wakaling'oa tanga na miti yake, wakalisimamisha mchangani likawa hema. Na chini ya tanga lile lile lililowavuta mchana hulala usiku. Asubuhi nyumba huwa chombo tena. Hukaa hivyo miezi, na joto na vimbunga vinapokaribia hurejea kwao. Kwa Wavezo, basi, kipupwe ndicho kinachoifungua bahari.

Isidhaniwe kwamba Wavezo huenda kutembea. Huenda kutafuta jongoo wa bahari na papa, kwa kuwa karibu na kwao samaki wamepungua. Na watoto wao hupoteza masomo, jambo ambalo hapana mwalimu atakayelisifu. Haisemwi hapa kwamba maisha yao yaigwe. Lisemwalo ni dogo kuliko hilo nalo latosha: kwamba mtoto, na mama, na chombo kidogo cha tanga, na miezi ya baridi, vyaweza kukutana bila ya ulimwengu kupinduka, na vimekuwa vikikutana hivyo tangu zamani katika bahari ambayo maji yake ndiyo haya haya. Rita Astuti, mwanaelimu aliyekaa kwao na kuandika kitabu mwaka wa 1995, aliona jambo ambalo wasomi wa pwani ya Uswahilini wangefaa kulitafakari. Mvezo kwa maoni yao hazaliwi. Mtu huwa Mvezo kwa kutenda: kwa kujua kuogelea, kuongoza laka, kuvua. Asiyejua bado hajawa. Ni kipimo kikali. Na lau kingeletwa Mombasa, au Unguja, au Bagamoyo, na watu wakapimwa nani ni mtu wa pwani kwa kazi ya mikono yake na si kwa nasaba ya babu yake, wangepungua wengi, na baadhi yao wangetoka katika idara za Kiswahili.

Wala undugu na Wavezo si wa kubuniwa. Lugha ya Bukini, kama alivyoonyesha Otto Dahl mwaka wa 1951, ni jamaa ya lugha ya Wamaanyan wa Borneo. Na James Hornell, aliyechunguza vyombo vya bahari hii, aliihusisha mirengu ya ngalawa za Afrika ya Mashariki na watu hao hao waliotoka mashariki ya mbali. Ngalawa iliyolala Kizimkazi leo, yenye mrengu kila upande, ina ukoo na laka ya Morombe. Na watu wale waliovuka bahari kubwa kutoka huko hawakuacha uzao wao Bukini kwa kusafiri wanaume peke yao.

Basi yabaki neno la anasa. Husemwa kwamba kusafiri baharini na mke na watoto, kwa kupenda tu, ni mchezo wa Wazungu wenye mali, na mtu wa hapa akijaribu huwa anaiga. Jambo hili halistahili kukaliwa sana. Mwaka wa 1922, kati ya Agosti na Septemba, Mwingereza Arthur Ransome alisafiri kutoka Riga kwenda Tallinn na Helsinki na kurudi, katika mashua iliyoitwa Racundra, pamoja na Evgenia, mwenzi wake (ambaye, kwa bahati za dunia, alipata kuwa karani wa Trotsky), na mzee mmoja baharia. Bahari ya Baltiki mwishoni mwa Septemba si ya anasa. Ina ukungu, ina dhoruba, na mkono ulioshika kamba hufa ganzi. Kitabu chake juu ya safari hiyo kilitoka mwaka wa 1923, na mwaka wa 1930 akatoa hadithi ya kwanza katika zile zake za watoto wanaoongoza mashua wenyewe. Watoto wengi wa Uingereza, hata wasioishi karibu na maji, walijua majina ya kamba kwa kuzisoma hadithi hizo. Anayeona wivu hapa asiyaonee mashua, azionee kamba.

Maana Kiswahili kina majina ya kamba hizo zote, na wenyewe hawayajui. Johnson aliyaweka katika kamusi yake ya mwaka wa 1939. Padri Sacleux, katika kamusi aliyoichapa kuanzia mwaka huo huo, aliyaweka mengi zaidi, pamoja na pepo, na mikondo, na sehemu za chombo. Watu wawili hawa wageni waliyaokota ufukweni kwa watu waliokuwa wakiyatumia. Leo mwanafunzi huyaokota kamusini, akayatia katika insha juu ya taswira ya bahari katika ushairi, akapata alama nzuri. Aweza kuandika kurasa nne juu ya joshi na demani. Mwekeni katika mashua, mwambieni aende upande wa joshi: atatazama huku na huku kama mtu aliyepotelewa na kiatu.

Na hasara si ya majina tu. Neno kubisha lina maana tatu: kubisha mlango, kubishana kwa maneno, na kukiendesha chombo dhidi ya upepo kwa kukata huku na huku, kushoto kisha kulia, mpaka kifike pale ambapo upepo haukutaka kifike. Mwalimu wa darasani huzieleza kama maana tatu zilizokutana katika neno moja kwa ajali. Lakini mtoto aliyekaa karibu na usukani akimwangalia mama yake akibisha hana haja ya kuelezwa jinsi ilivyo kubisha kwa adabu: kwamba hushindani na upepo uso kwa uso, maana utasimama palepale tanga likipigapiga, wauchukua kwa ubavu, wapata kidogo, wageuka, wapata kidogo tena. Demani vilevile. Ni kamba ya kulivuta na kulilegeza tanga. Ni upande wa chombo usioelekea upepo. Na ni msimu ambao kusi yenyewe yalegea. Lugha haikuyafanya hayo kwa uvivu wa kutafuta neno jingine. Iliyafanya kwa sababu wasemaji wake walikuwa majini, mikono yao ikiwa na kamba na macho yao yakiwa juu ya mawingu ya mwezi wa Agosti. Mabaraza yakikutana kubuni istilahi mpya, na yakutane. Lakini neno lisiloshikwa na mkono wa mtu halikai.

Itaulizwa sasa, kwa haki, safari hiyo iende wapi na kwa kanuni gani. Haisemwi kwamba mtu awatie watoto wake katika ngalawa mwezi wa Julai akavuke kutoka Tanga kwenda Pemba. Mlango ule una kina kikubwa, mkondo wake huenda kaskazini kwa nguvu, na mwimo wa wimbi lake si wa chombo cha mti mmoja. Afanyaye hivyo kwa kupenda ni mjinga, na Mvezo angemwambia hivyo. Yasemwa juu ya maji yaliyo ndani: Ghuba ya Menai, iliyokingwa upande wa mashariki na nchi ya Kizimkazi na kisiwa cha Uzi, maji yaliyo nyuma ya miamba mbele ya Tanga, njia za ndani za visiwa vya Lamu, ambako watu wa Pate na Faza, kwa kukosa barabara, hawakupata kuacha kupakia jamaa zao katika chombo kwa kipupwe na kwa kaskazi.

Kanuni zake wavuvi wanazijua, na ni chache. Tanga la kaskazi liachwe nyumbani. Lichukuliwe dogo, hata kama majirani watacheka. Safari ianze alfajiri, umande wa nchi ukiwa bado wavuma kwa upole kutoka bara na kusi haijaamka. Maana kusi huzidi jua likipanda, na adhuhuri huwa si upepo wa asubuhi tena. Kwenda kuwe kwa kubisha na kurudi kuwe kwa kupeperushwa, wala isiwe kinyume chake: mwenye kuanza kwa raha ya upepo wa tezi hujikuta alasiri, watoto wamechoka, akiitafuta nyumba iliyo joshini. Hili peke yake limewatia watu wengi mashakani kuliko mawimbi. Kutoka Fumba ni rahisi kulishika, kwa kuwa visiwa viko upande utokako upepo.

Kisha ni habari ya baridi, ambayo wasiosafiri huidharau. Digrii 25 si kitu kwa mtu mkavu. Kwa mtoto aliyelowa tangu omo mpaka tezi kwa manyunyu, akipigwa na upepo saa mbili, ni kutetemeka na midomo kubadilika rangi. Naye mtoto hatasema, kwa kuwa ataka aitwe baharia. Mama mwenye akili huchukua ndoo yenye kifuniko, ndani yake mna nguo kavu na khanga mbili nzito, wala haifunguliwi kwa sababu nyingine. Huchukua chai katika chupa. Kila mtoto huvaa jaketi la kuokolea na halivui kwa sababu ya joto, maana joto halipo. Na hapa kipupwe chasaidia, kwa kuwa katika Februari vita vya jaketi havishindiki. Mtoto mkubwa hupewa kata, kazi yake ni kufua maji ngamani, na aambiwe kwamba chombo chategemea kazi hiyo, kwa kuwa ni kweli. Mdogo hushika ncha ya demani nyuma ya mkono wa mzazi. Kwa siku ya kwanza yatosha.

Wala muda haukosekani. Shule za Tanzania hufungwa katikati ya mwaka katika mwezi wa Juni, na za Kenya huwa na likizo Agosti: mwanzo wa kipupwe na mwisho wake, kabla kusi haijafika kileleni na baada ya kukipita. Likizo hizo watoto wa pwani huzimalizia mbele ya televisheni, ilhali walimu wao wa Kiswahili, ambao nao wako likizoni, wanasahihisha insha juu ya bahari.

Siku za bamvua maji ya Unguja hujaa karibu na saa kumi alfajiri, na hujaa tena karibu na saa kumi alasiri. Chombo kitokacho Fumba kabla ya jua kuchomoza hutoka pamoja na maji yanayoanza kupwa, kikibisha pole pole. Saa nne watu wako Kwale, maji yamepwa, fungu la mchanga limetokeza, na watoto wanakimbia juu ya mahali ambapo jana palikuwa na wimbi. Saa nane maji yamegeuka na yanajaa. Tanga dogo latwekwa, upepo uko tezini, na mashua yarudi pamoja na maji mpaka ufukweni bila ya mtu kupiga kasia. Hizo mashua nyingine zilizowabeba watoto wa wageni nazo zarudi wakati uo huo, na manahodha wake wataitambua hii kwa mbali kwa udogo wa tanga lake, na watataka kujua ni nani huyo mwanamke aliyeshika usukani.